Ng'ombe wa Bukura Ana Daftari la Dawa, Mtoto Wetu Hana

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na rafiki yangu wa Bukura, kule kaunti ya Kakamega. Tulisoma pamoja katika Chuo cha Kilimo cha Bukura. Mimi nilikuwa kijana wa Pwani niliyekwenda kutafuta diploma mbali na bahari, yeye ni mwenyeji aliyenizoesha mrenda na mvua ya kila alasiri. Miaka imepita lakini hatujaachana.

Safari hii hakupiga kwa salamu. Kitindamimba wake alizaliwa salama, siku ya nne akashikwa na homa na kukataa kunyonya. Akalazwa. Akaanzishiwa sindano za kawaida ambazo watoto wachanga hupewa, penisilini na jentamaisini. Homa haikushuka. Akabadilishiwa dawa, bado. Dawa ya tatu haikuwepo hospitalini, wakaandikiwa wakanunue nje. Rafiki yangu akauza mtamba wake. Alhamdulillah, mtoto yuko nyumbani na ananyonya.

Kabla ya kukata simu aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni. "Mswahili, daktari anasema dawa mbili za kwanza zilishindwa kwa sababu ya usugu. Sasa mtoto wa wiki moja amezoea dawa gani, na hata hajawahi kumeza kitu?"

Swali hili halimhusu mtu wa Bukura peke yake. Linamhusu kila mzazi wa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta, kwa kuwa huo usugu uko katika wadi zetu pia, na mahali ulipohesabiwa kwa makini zaidi ni hapa hapa kwetu Pwani.

Si mwili uliozoea, ni kijidudu

Wengi wetu tunaamini kwamba mtu akitumia dawa sana mwili wake huizoea. Kwa antibiotiki sivyo mambo yalivyo. Kinachokuwa sugu si mwili wa mtoto, ni bakteria aliyeingia mwilini mwake. Bakteria huyo hakuzaliwa na mtoto. Ametoka mahali pengine: kwenye mkono wa mtu aliyembeba, kwenye kanula ya dripu, kwenye maji, kwenye kitanda, pengine kwa mama mwenyewe. Tayari alishakutana na dawa hizo ndani ya watu wengine, au ndani ya mifugo, akajifunza kuzishinda. Mtoto anarithi vita ambavyo hakuvianzisha.

Bakteria hujifunzaje? Wanazaana kwa kasi mno, na katika mamilioni yao huwamo wachache wenye hitilafu ndogo inayowawezesha kustahimili dawa. Dawa ikija, wanyonge wanakufa na wale wachache wanabaki na uwanja mzima wao peke yao. Wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoikata penisilini na jamaa zake kabla haijafanya kazi. Tena wanaweza kupeana ujuzi huo wao kwa wao, hata wakiwa wa aina tofauti, kama mtu anayemchongea jirani nakala ya ufunguo. Ndiyo maana usugu ulioanzia tumboni mwa mtu mzima aliyemeza dawa ovyo unaweza kuishia kwenye damu ya mtoto asiyemjua.

Hili si jambo lililotustukiza. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa kipimo kidogo kisichoua, vijidudu vitajifunza kuistahimili. Leo hesabu iko mezani. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria. Mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Kilifi walihesabu

Sisi watu wa Pwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Tangu mwaka 1989 Kilifi ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilicho bega kwa bega na hospitali ya kaunti. Kuanzia mwaka 1998 watoto wanaolazwa pale huchukuliwa damu ikaoteshwa maabara, yaani damu inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria ili ionekane kama kuna kinachoota, ni nani, na ni dawa gani inayomuua.

Matokeo ya miaka minne ya mwanzo, 1998 hadi 2002, yalichapishwa mwaka 2005. Kati ya watoto wachanga wa chini ya siku 60 waliolazwa, asilimia 12.8 walikuwa na bakteria kwenye damu. Huyo ni karibu mmoja kwa kila wanane. Na katika vifo vyote vya watoto hospitalini humo, asilimia 26 vilikuwa vya watoto waliokuja na bakteria kwenye damu kutoka nyumbani. Wakati huo sote tulikuwa tunaimba malaria, na malaria ilistahili kuimbwa, lakini mwuaji mwingine alikuwa ameketi kando yake bila kutajwa.

Kisha wakauliza swali gumu zaidi: je, wangapi wanaupata ugonjwa huu wakiwa tayari wamelazwa? Kati ya 2002 na 2009 walifuatilia zaidi ya mara 33,000 za watoto kulazwa. Katika kila 1,000, karibu 6 walipata maambukizi ya damu ndani ya hospitali. Utasema ni wachache. Lakini sikiliza: zaidi ya nusu ya hao, asilimia 53, walifariki. Waliokuja na maambukizi kutoka nyumbani walifariki asilimia 24, na wasiokuwa na bakteria kwenye damu asilimia 6. Watoto wenye utapiamlo mkali ndio waliokuwa hatarini zaidi. Bakteria wenyewe walikuwa wale wanaopenda hospitali: Klebsiella, E. coli, Staphylococcus, Acinetobacter, Pseudomonas.

Dar es Salaam nao walifika huko huko. Katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, uchunguzi wa miaka ya 2001 na 2002 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na bakteria wa jamii ya Klebsiella na E. coli kwenye damu walifariki asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na malaria. Wale ambao bakteria wao walikuwa na kile kimeng'enya cha kuharibu dawa kali za sindano, walifariki asilimia 71.

Karibu na Bukura kwenyewe, Siaya na Kisumu, kuna mradi uitwao CHAMPS unaochunguza chanzo cha vifo vya watoto kwa idhini ya wazazi. Katika nchi zote ulikofanyika, Klebsiella imejitokeza kuwa mmoja wa wauaji wakubwa wa watoto wachanga. Kwa hiyo kisa cha rafiki yangu si bahati mbaya ya nyumba moja. Kuanzia Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Hindi, adui ni yule yule.

Usugu unapikwa wapi

Unapikwa kwanza madukani. Kwa sheria ya Kenya antibiotiki ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kwa mazoea yetu ni bidhaa kama kiberiti. Mtoto anakohoa, unakwenda duka la dawa, unasema "nipe vidonge vya rangi mbili", unakatiwa vinne kwa makasi kwa sababu pesa uliyo nayo ni ya vinne. Tumbo likisokota, Flagyl. Koo likiwasha, zile zilizobaki za jirani. Mafua na vikohozi vingi vya watoto husababishwa na virusi, na antibiotiki haina kazi kwa virusi. Mtoto angepona siku ile ile hata kwa maji ya moto na asali (wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali), lakini sisi tunakitolea ushahidi kidonge.

Unapikwa pili mabandani. Hapa nizungumze ninalolijua.

Pale Bukura tulifundishwa somo la mifugo kwa vitendo. Ng'ombe akiugua kiwele na kudungwa antibiotiki, kulikuwa na daftari. Unaandika namba ya ng'ombe, jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na tarehe ambayo maziwa yake yanaruhusiwa kuuzwa tena. Kabla ya siku hiyo maziwa hayaendi kwa mtu. Ukikosea daftari ulikosa alama, na mwalimu hakuwa na mzaha. Nilimaliza chuo nikidhani kila mfugaji hufanya hivyo.

Niliporudi Pwani niliona mambo mengine. Vifaranga vya broila wanawekewa unga wa antibiotiki kwenye maji ya kunywa tangu siku ya kwanza, wazima wote, "wasije wakaugua". Muuzaji wa agrovet anauita vitamini, na mfugaji anaamini ni vitamini. Kuku anachinjwa siku ambayo mteja anamtaka, si siku ambayo dawa imetoka mwilini. Mbolea yake inakwenda shambani, maji ya banda yanateremka kisimani. Simlaumu mfugaji kwa ubaya wa moyo, kwani vifaranga 200 wakifa ndiyo karo ya mtoto imekufa. Lakini dawa ndogo ndogo ya kila siku ndicho kipimo kile kile alichokihofia Fleming.

Unapikwa tatu wadini. Watoto wawili au watatu kitanda kimoja. Bomba lisilotoa maji. Muuguzi mmoja na watoto kumi na kitu, anayetoka kwa huyu kwenda kwa yule mbio mbio. Kwa kuwa hakuna maabara ya kuotesha damu, daktari anakisia. Akikisia dawa nyepesi anahofia kumpoteza mtoto, akikisia nzito anawafunza bakteria wa wadi nzima. Nani atamlaumu? Ukipambana gizani unapiga popote.

Na giza hilo ni kubwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 katika nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulipitia maabara za tiba takriban 50,000 na kukuta kwamba ni asilimia 1.3 tu zinazopima bakteria.

Tusimtupie mama lawama zote

Kila Novemba, kuanzia tarehe 18 hadi 24, Shirika la Afya Duniani huadhimisha wiki ya kuhamasisha watu juu ya usugu wa dawa. Mabango hutundikwa: maliza dozi, usinunue bila cheti. Ni maneno ya kweli. Lakini yakisemwa peke yake yanakuwa dhulma, maana yanamfanya mama maskini ndiye mshitakiwa.

Tukumbuke mwaka 2017. Madaktari waligoma siku 100 tangu Desemba 2016, kisha wauguzi wakagoma karibu miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena siku 56. Katika siku hizo zote watoto hawakuacha kuugua. Mama alikwenda wapi? Alikwenda kulikokuwa wazi, duka la dawa la mtaani. Hata pasipo mgomo, anayetoka vijiji vya ndani vya Ganze au Tana Delta hutumia nauli ya pesa nyingi kufika hospitali, apange foleni tangu alfajiri, kisha aambiwe dawa hakuna, kanunue nje. Kwa mtu huyo vidonge vinne vya dukani si ujinga. Ni hesabu.

Kwa hiyo tatizo letu lina nyuso mbili. Kuna antibiotiki nyingi mahali zisipohitajika, na hakuna antibiotiki mahali zinapohitajika. Mtoto mwenye mafua anazimeza, na mtoto mwenye bakteria kwenye damu anasubiri baba auze mtamba. Umoja wa Mataifa ulipokutana Septemba 2024, viongozi waliahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Kenya nayo ilizindua mpango wake wa kwanza wa taifa mwaka 2017. Karatasi hazijatukosa. Lakini hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi, na ahadi ya New York haifungui bomba la wadi ya watoto.

Yanayowezekana

Habari njema ipo, na tuiseme. Chanjo ni silaha ya kwanza, kwa sababu mtoto asiyeugua hahitaji antibiotiki. Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001 na ya nimokokasi mwaka 2011, na Kilifi hiyo hiyo ndiyo iliyoonyesha dunia jinsi magonjwa hayo yalivyoporomoka. Kwa nimokokasi, aina zinazolengwa na chanjo zilipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mzazi anayechelewesha chanjo kwa uvumi wa mitandaoni anamnyima mwanawe kinga ambayo haina usugu wa kuihofia.

Pili, dawa mpya zinatafutwa, na Pwani imo. Hospitali ya Kilifi ilishiriki utafiti wa watoto wachanga zaidi ya 3,200 katika nchi 11 kati ya 2018 na 2020. Madaktari walikutwa wakitumia michanganyiko ya antibiotiki zaidi ya 200 tofauti, ushahidi wa jinsi kila mtu anavyokisia, na Klebsiella akawa ndiye aliyeonekana zaidi. Sasa kuna majaribio ya kulinganisha michanganyiko mipya, yakianzia Afrika Kusini na Kenya, na Kilifi ni mojawapo ya vituo. Lakini dawa mpya ikiingia katika wadi isiyo na maji na soko lisilo na sheria, nayo itapoteza makali, kama panga jipya linalokatiwa mawe.

Basi tunaomba nini? Kwa magavana wetu sita wa Pwani ninaomba matatu. Kila hospitali ya rufaa ya kaunti iwe na uwezo wa kuotesha damu ya mtoto kila siku ya wiki, si kwa utafiti bali kwa tiba. Kila wadi ya watoto wachanga iwe na maji yanayotoka, sabuni, na wauguzi wa kutosha, kwa sababu mikono misafi inazuia usugu kwa bei nafuu kuliko dawa yoyote. Na mara moja kila mwaka kaunti itangaze hadharani ni bakteria gani wamepatikana na ni dawa gani bado zinawashinda. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi wanaouliza kuhusu barabara, na waulize na hili wakati wa bajeti.

Kwa wafugaji wenzangu: muulize ofisa wa mifugo kabla ya kununua, chanja kuku badala ya kuwanywesha dawa wakiwa wazima, na usiuze nyama, mayai wala maziwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Kwa wenye maduka ya dawa, mnajua mnachokiuza. Riziki ya halali haipungui kwa kumwambia mama "hii ni mafua, huhitaji".

Na kwetu wazazi, jambo moja dogo. Kijitabu cha kliniki cha mtoto tunakiweka vizuri, kimejaa uzani na chanjo. Lakini antibiotiki tunazompa nyumbani haziandikwi popote. Mtoto akizidiwa usiku na daktari akauliza "alipewa nini wiki hii?", jibu letu huwa "kile kidonge cha rangi". Kwa daktari asiye na maabara, jibu la sawasawa huenda likawa ndiyo taa pekee aliyo nayo. Basi chukua kalamu. Nyuma ya kijitabu andika jina la dawa, kipimo, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Na dalili za hatari kwa mtoto mchanga usizitibu kwa duka: akikataa kunyonya, akiwa na joto kali au baridi isiyo ya kawaida, akipumua kwa shida, akidegedea au akilegea, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Nilimpigia rafiki yangu nikamjibu swali lake. Nikamwambia, mtoto wako hakuzoea dawa yoyote. Sisi wengine ndio tuliowazoesha wale vijidudu, na mwanao akalipa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe lile daftari la ng'ombe tulilokuwa tukilichukia lilikuwa na maana." Lilikuwa na maana. Ng'ombe wa Bukura aliandikiwa kila tone la dawa lililoingia mwilini mwake ili mtu asidhurike. Mtoto wa Pwani hastahili chini ya hapo.